Mihuri Saba na Magoti Mawili

Ijumaa, 3 Oktoba

Hakuna mtu mtaa mzima wa Kajiya aliyezuru mahekalu saba ya kale ya mji wetu mara nyingi kuliko mimi. Mara kumi na mbili, kwa miguu. Nimelisema hilo leo kwenye ukumbi wa mtaa, mbele ya kamati nzima ya tamasha, nimesimama.

Ukweli: nimefika matatu. Moja nilikuwa natafuta choo.

Lakini ningefanyaje? Bi Sekine muuza tofu, mwenyekiti wetu, alikuwa ametangaza kwamba mzee aliyekuwa akishika fimbo ya chuma na kutangulia machela ya mungu wetu siku ya tamasha, mgongo umemgomea. Anatafutwa mwingine. Fimbo ile baba yangu aliishika miaka tisa. Ina pete sita. Ukiigonga chini mtaa unanyamaza, hata mbwa. Mimi miaka arobaini nawabebea taulo wabeba machela.

Sharti ni la zamani. Mshika fimbo lazima awe amepita mahekalu yote saba mwezi huu huu kuomba ruhusa, na daftari lake la mihuri lioneshe. Kila hekalu kuhani anaandika jina la pale kwa wino, anagonga muhuri mwekundu, anatia tarehe. Daftari litakaguliwa Jumapili ya tarehe 12. Siku tisa.

Kuramochi, jirani yangu, hakusema anataka wala hataki. Alikunywa chai tu. Mtu aliyesambaza barua miaka thelathini na nane ana miguu ya korongo. Na mtu akinywa chai kwa utulivu ule ana jambo.

Mimi nilishona mikeka ya tatami toka nina miaka kumi na tano. Magoti yangu niliyaacha kwenye sakafu za watu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimenunua daftari. La buluu, lenye korongo. Ndege, si Kuramochi.

Hekalu la kwanza, kando ya handaki la ngome. Kuhani kijana, miwani, shingo nyembamba. Nikamwomba kwa adabu aandike tarehe mosi badala ya tarehe nne, kamati ione nilivyo na bidii. Akasema tarehe ni ya siku ambayo mungu amemwona mtu. Nikamwambia mungu wa hapa ananiona toka nabebwa mgongoni. Akajibu kwamba basi amepata muda wa kutosha kunijua.

Halafu akanirudisha kunawa mikono. Mzee wa miaka sabini na minne, anaambiwa kanawe.

Kutoka tu, nani yuko ng'ambo ya barabara, mkabala na lango jekundu? Kuramochi. Akainama kidogo kuelekea hekalu, akaenda zake. Kumbe alishaingia kabla yangu! Asubuhi yote ile sijanywa hata supu.

Jumapili, 5 Oktoba

Fusae, mke wangu, katoka mapema. Kaenda kununua achari. Sawa, na mimi nikatoka.

Hekalu la pili liko juu ya kilima. Ngazi mia moja na kumi na mbili za mawe, kila moja na kimo chake, kama aliyezijenga alikuwa na ugomvi na mtu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Nani kasema? Aje anioneshe hiyo fupi.

Nikakaa chini. Akapita mama mmoja mwenye kofia, anapanda mbiombio. Nikamsimulia magoti yangu, nikaongeza na moyo, ambao ni mzima. Akanihurumia, akachukua daftari. Nikala peremende mbili. Mpango safi kabisa.

Akarudi. Ukurasa mweupe. Kuhani kamtuma aniambie kwamba mwenye daftari apande mwenyewe, hata kama ni kesho, yeye haondoki. Na kwamba kwenye ngazi ya sitini kuna benchi.

Nilipanda. Benchi lilikuwa limelowa.

Jumatatu, 6 Oktoba

Kitandani. Fusae kanibandika plasta za dawa, mbili kila goti, huku akiniuliza kwa nini mtu mzima anashindana na ngazi. Nikamwambia sishindani na ngazi, nashindana na Kuramochi. Akasema, Baba, Kuramochi ana mambo yake mwezi huu, mwache. Nikasema ndiyo hayo mambo yake ninayoyahofia.

Akatikisa kichwa, akaenda jikoni. Wanawake hawajui siasa.

Jumanne, 7 Oktoba

Hekalu la tatu liko karibu na stesheni, tambarare. Muhuri nimepata. Kuhani hakuuliza kitu. Watu wema bado wapo.

Nangoja basi. Ndani ya stesheni kuna meza ndogo, juu yake muhuri mkubwa wa bure kwa wasafiri, na kidau cha wino kilichofungwa kwa mnyororo. Picha ya treni inapita mbele ya ngome. Mwekundu, mzuri, umejaa. Nikafikiri: makuhani wanachukua yeni mia tano na unangoja umekunja mikono. Huu ni bure. Na Bi Sekine akisoma bila miwani hawezi kutofautisha bata na balozi. Ataona wekundu, atahesabu, basi.

Nikagonga.

Njaa ikaniingiza kwenye duka la tambi za soba hapo hapo. Na wao wana muhuri! Bakuli linafuka moshi, na maneno: Karibu tena, bakuli la pili nusu bei. Nikagonga chini ya treni, ukurasa ule ule. Matatu na mawili ni matano. Ndani ya siku nne. Kuramochi na miguu yake atajiju.

Fusae karudi jioni amechoka. Kanunua achari tena, eti.

Jumatano, 8 Oktoba

Hekalu la nne. Kuhani ni bibi mwenye nywele nyeupe, mdogo kama kijiko. Akalipokea daftari kwa mikono miwili. Akafunua. Akatazama. Akalifunga, akanirudishia kwa mikono ile ile miwili.

Akasema hawezi kuandika jina la mungu wa pale ubavuni mwa treni.

Nikamwambia treni ni ya mji wetu, na mungu wake si wa mji huu? Akasema na bakuli? Nikamwambia mungu anakula, kila asubuhi si mnamwekea wali na pombe ya sake pale mbele? Akakubali, anakula. Lakini, akasema, hapewi nusu bei.

Nyuma yangu watu wawili wakacheka. Makuhani siku hizi wanafundishwa wapi?

Akanishauri ninunue daftari jingine nianze upya. Nianze upya! Ngazi mia moja na kumi na mbili, upya!

Na nje ya lango, nadhani mnajua. Kuramochi. Ng'ambo ya barabara, kofia mkononi. Nikamuuliza kama huku nako ameshamaliza. Akasema yeye hupita tu kusalimia. Nikasema hata mimi. Akaniuliza hali ya magoti. Mnafiki.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimelala na wazo, nimeamka nalo.

Nilirudi hekalu la nne kuomba msamaha, yaani kuomba muhuri. Bibi kijiko hayupo, kaenda kufungisha ndoa. Dirishani kuna sanduku la sadaka na trei ya karatasi: jina la hekalu limeshaandikwa, muhuri umeshagongwa, tarehe ujaze mwenyewe, ukabandike nyumbani. Kwa watakaokosa bahati ya kumkuta kuhani. Mimi nilipata bahati ya kutomkuta.

Nyumbani nikapima. Karatasi inafunika treni na bakuli vizuri kabisa, kama kifuniko na chungu chake. Gundi hakuna. Nikachukua wali wa asubuhi, nikausaga kwa kidole, nikapaka, kama tulivyobandika karatasi za madirisha enzi zile. Tarehe nikaiandika kwa brashi. Mwandiko wangu haukuwa mbaya. Nilitoka shule mapema, lakini tisa naijua.

Fusae hayupo. Achari. Nimefungua friji kutafuta hizo achari nile na wali uliobaki. Hakuna hata moja. Mwanamke huyu anazilia njiani?

Ijumaa, 10 Oktoba

La tano na la sita. Teksi. Makuhani wote wawili nimewafunulia mwenyewe ukurasa mweupe, nimeshikilia kwa kidole gumba kurasa za nyuma zisifunguke. Mmoja akauliza kama kidole kinauma. Nikasema sana.

Jumamosi, 11 Oktoba

La saba! Saba! Mvua, lakini saba. Kuramochi sikumwona, labda amekata tamaa.

Nimeanza kufanya mazoezi uani kwa ufagio. Unainua, unagonga, unanyamaza. Mbwa wa jirani hakunyamaza, lakini ufagio hauna pete.

Jumapili, 12 Oktoba

Naandika kwa ufupi maana nimeudhika.

Ukumbi ulijaa. Mvua nje, madirisha yamefungwa, birika kubwa linachemka juu ya meza. Fusae alikuwa na kina mama wa chai. Nikaweka daftari langu mbele ya Bi Sekine, wazi, kwenye ukurasa wa nne, ambao ndio mzuri kuliko yote. Jirani na birika.

Bi Sekine akatoa miwani. Mwaka mzima hana miwani, leo anayo.

Mvuke ukapanda. Ile karatasi ikaanza kuinua pembe moja, pole pole, kama mtu anayeamka usingizini. Nikaibonyeza. Ikainua nyingine. Kisha yote ikajikunja kama samaki mkavu juu ya makaa, ikaanguka, na punje ya wali mgongoni.

Bi Sekine akainama. Akauliza, Mzee Amemiya, treni hii ni ya saa ngapi?

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Nikasema nimekosea, sawa, lakini mkaguzi anikague pamoja na mwenzangu. Kuramochi naye alete daftari lake tulione.

Wakaacha kucheka. Wote, mara moja.

Kuramochi akaweka kikombe chini. Akasema hana daftari. Dada yake mkubwa alifariki Septemba. Yuko kwenye msiba, na kwa mila hapiti chini ya lango la hekalu lolote mpaka siku hamsini ziishe mwisho wa mwezi. Lakini malango yale aliyainamia kila asubuhi akipeleka barua, kwa hiyo bado huenda kuyasalimia toka ng'ambo ya barabara. Hakugombea kitu.

Mtaa mzima ulijua. Fusae akasema kwa upole kwamba aliniambia mimi wa kwanza, nikamjibu ndiyo, ndiyo. Nilikuwa natazama mieleka ya sumo.

Kumbe zile siku nne za Septemba alizoniachia maua yake ya krisanthemamu nimwagilie, hakwenda chemchemi za maji moto. Alikwenda kuzika. Nami niliporudisha ufunguo nilimuuliza kama maji yalikuwa ya moto vya kutosha. Akasema yalitosha.

Nilimwomba radhi pale pale, nimeinama mpaka paji likagusa mkeka. Mkeka niliushona mimi. Bado mzima.

Bi Sekine akavua miwani. Akasema mgombea nilikuwa peke yangu, na kwamba kamati ilishakubaliana, kwa ajili ya magoti yangu, hata ningeleta mihuri minne wangenipa fimbo. Minne ya kweli, hata kwa kujikongoja. Lakini wali na treni, hapana.

Akauliza kama kuna mwingine.

Fusae akaweka trei ya chai. Akafungua kitambaa, akatoa daftari. Saba. Kurasa safi, tarehe kwa mpangilio, toka tarehe mosi, kabla hata fimbo haijatangazwa. Ngazi zile zote. Bi Sekine akamuuliza alikuwa akiomba nini. Akasema, magoti ya Baba.

Fimbo kapewa yeye. Hakuna anayekumbuka sharti linalosema lazima iwe mwanamume, nami nililitafuta kwa bidii. Akaigonga chini mara moja kuijaribu.

Hata mimi nilinyamaza.

Jumatatu, 13 Oktoba

Fimbo imesimama mlangoni kwetu. Nimekatazwa kuigusa. Nimeigusa. Ilipiga kelele, nikapigiwa kelele.

Jumapili ijayo, siku ya tamasha, nitabeba taulo, mwaka wa arobaini na moja. La Fusae. Magoti hayaumi leo, jambo linaloniudhi, maana sasa sina hata cha kusingizia.

Nimewaza sana nilipokosea. Nimepata. Wali. Gundi ya dukani haiogopi mvuke. Nimenunua chupa mbili, na daftari jipya, la kijani, kwa ajili ya Oktoba ijayo.

Tatizo limebaki moja: kilima. Kwa hilo nimeandika barua, nitaipenyeza mlangoni kwa Kuramochi kesho:

Mzee mwenzangu, pole tena kwa msiba. Najua mwisho wa mwezi unaruhusiwa kupita malangoni, na ni vizuri uanze kuzoeza miguu mapema. Maua yako niliyamwagilia siku nne, na lile jeupe kubwa nililiongeza maji mara mbili. Sikudai kitu. Ila mwakani, ukipanda zile ngazi, nipandishie na daftari langu. Kuhani akiuliza mwenyewe yuko wapi, mwambie amekaa kwenye benchi.