Shuka Mbili za Mzee Khaemba

Jumatatu, 2 Juni 2025

Mimi Khaemba wa Kabuchai, miaka themanini na moja. Nimeishi kuwapita madaktari wawili walionikataza chumvi, fahali wanne, redio sita, na chama kizima cha ushirika. Darasa la tatu tu, lakini hakuna mtu Bungoma ananishinda bei ya maharagwe.

Leo Ivy, binti ya mwanangu, amefunga kazi kabla ya kurudi chuoni. Ameweka bei zangu ndani ya simu, kwa jedwali la hesabu. Yeye anaita shiti. Shiti ni shuka, mimi naita shuka. Moja ya Kitale, ingine ya Bungoma, na amezifunga pamoja. Wacuka, binti ya Kinyua anayeniuzia maharagwe huko Kitale, akiandika bei mpya kwake, yangu inabadilika peke yake, na kila mmoja anaona ya mwenzake. Inaongeza usafiri mia tatu, inaongeza faida, inanyamaza. Wakoli, yule jirani wa duka la pili, bado anafuta ubao na mate!

Shule moja ya wasichana Kimilili inataka gunia sitini. Orodha ya bei iwafikie Ijumaa saa sita mchana. Nimeapa mbele ya soko lote: Wakoli akinishinda, nitambebea kiti mpaka kanisani. Watu wamecheka. Wacheke.

Ivy ameniambia nisiguse kitu. Nimekubali.

Jumanne, 3 Juni

Nimegusa.

Si kwa ubaya. Nilipata kosa. Juu ya shuka ya Kitale Ivy ameandika MAHALI. Chuo chote hicho na hajui kuandika! Tangu nizaliwe sijasikia mtu Kabuchai akisema hivyo. Nikafuta, nikaandika vile inaitwa: MAHARI. Chini yake mambo yako sawa, sikugusa. Kitale, halafu mhusika Wacuka, halafu 9,400, kwa gunia.

Nimelala kama mwalimu mkuu.

Jumatano, 4 Juni

Shuka ya Bungoma imegoma. Penye bei pameandikwa REF. Refa! Kuna mtu amecheza rafu. Namshuku Wakoli.

Nikaandika mwenyewe kwa mkono, KITARE, ili ijue tunaongea juu ya wapi. Ikajibu N/A. Na nini? Nimengoja imalize sentensi mpaka chai ikapoa. Haikumaliza.

Nikampigia Wacuka. Mtandao wa Kitale unataka sauti, kwa hivyo nilisimama uani na kupaza. Nikamwambia shuka yangu na yake zilikuwa zimefungana vizuri, sasa zimeachana, afanye juu chini zirudiane kabla ya Ijumaa. Akauliza kama mimi ni mzima. Nikamwambia mzima kabisa, nina nguvu.

Nyuma yangu Nabwile, mke wangu, alikuwa anachambua mboga. Aliacha kuchambua. Akaomba simu, akasoma polepole, mdomo ukicheza.

"Khaemba," akasema, "miaka hamsini na mbili. Mimi uliniletea ndama anayetoa makamasi, na huyu wa Kitale unamlipia taslimu?"

Sikuelewa swali. Jioni shuka zote zimetolewa kitandani. Ati niende nikalalie ile ya Kitale.

Alhamisi, 5 Juni

Godoro bila shuka linawasha.

Kinyua mwenyewe amepiga simu. Sauti ya chini, ya mtu wa mazishi. Akauliza ile elfu tisa na mia nne niliyoandika kwa jina la Wacuka, ni kweli imetoka kwangu. Nikamwambia ni bei ya haki, hata Lwakhakha kule mpakani siwezi kupata hivyo. Akauliza na ile mia tatu. Nikamwambia ni ya usafiri, si lazima mzigo ufike hapa bila kuchafuka?

Akakohoa. Nikaona anasita, nikamtia moyo. Nikamwambia akiwa na sitini ya aina hiyo, nachukua zote kwa mkupuo mmoja, na zenye wadudu nitarudisha.

"Sitini," Kinyua akasema. Simu ikakatika.

Nafikiri tumekubaliana.

Ijumaa, 6 Juni

Hatukukubaliana. Saa tatu, hakuna gari la maharagwe. Saa tano, hakuna gari. Nikampigia dereva wake, akasema Kinyua amefunga ghala na kuita wazee.

Saa sita kasoro dakika tano nikatuma orodha kwa shule vile ilivyo. Maharagwe: REF. Usafiri: mia tatu. Heri kutuma kitu kuliko kukaa kimya.

Bwana wa stoo wa shule alinipigia, mtu mwenye adabu. Akaniuliza REF ni shilingi ngapi. Nikamwambia anipe wiki mbili nitafute.

Wamempa Wakoli zabuni. Mwaka mzima. Kwa ubao na mate!

Jumamosi, 7 Juni

Kinyua amefika na wazee wawili na Wacuka mwenyewe, msichana mrefu amevaa miwani. Ivy pia amefika kutoka chuoni, Nabwile alimwita. Wote wakakaa upande mmoja wa sebule. Mimi peke yangu upande wa redio.

Kinyua akasema binti yake ana digrii, na kwao hata mbuzi mmoja hapatikani kwa pesa hiyo. Tena mzee wa umri wangu, kusema akiwa na wadudu anarudishwa!

Ivy akachukua simu, akaangalia, akaweka uso mikononi. Nilidhani analia.

"Kuka, babu yangu," akasema, "mahali ni pale kitu kiko. Mahari ni ng'ombe za kuoa. Shuka ya Bungoma inatafuta neno MAHALI, hailioni, inaandika REF na N/A, yaani hakuna kitu. L na R si kitu kimoja."

Nikamwambia katika mdomo wangu zimeishi nyumba moja miaka themanini na moja bila kugombana, kwa hivyo shida iko kwa simu.

Wacuka ndiye alianza kucheka. Halafu wazee. Kinyua akajizuia mpaka Nabwile akauliza kama ndama wake wa makamasi pia angeongezewa usafiri. Hapo akashindwa. Lakini kucheka si kusamehe: wakasema mbuzi lazima, tena beberu, tena leo. Nimechinja. Soko lote lilinusa. Hata Wakoli alikuja "kusalimia wageni" akaondoka na mfupa mfukoni.

Shuka imerudi kitandani. Moja tu, ya chini.

Jumapili, 8 Juni

Nilisema kiti. Nilifikiria stuli. Wakoli ametoa kiti cha kochi, kile cha mikono miwili na kitambaa cha kufuma. Kutoka soko mpaka kanisani. Pasta akasimamisha wimbo nipite. Nimeeleza watu ni mazoezi ya mgongo.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeamka na akili mpya. Watu wanaongea juu ya kiti, hakuna anayeongea juu ya mbuzi wangu. Basi nimefungua shuka ingine, peke yangu, bila Ivy. Jina la kila mtu, alikula vipande vingapi, na thamani yake kwa shilingi. Wakoli: vipande tisa. Kwa vile ni hesabu ya kula, juu yake nimeandika kwa herufi kubwa: KURA. Nimetuma kwa kikundi cha kanisa na cha soko.

Imeenea haraka kuliko bei yoyote. Naibu wa chifu amepiga simu akiuliza nagombea kiti gani. Nimemwambia sigombei, kiti nilishabeba jana.

Anayedhani naongeza chumvi amuulize Nabwile. Nabwile akiwa amenuna, amuulize Kinyua wa Kitale. Beberu pia angeshuhudia, lakini yuko kwa KURA, mstari wa kwanza.