Miksi Yangu kwa Jina la Shuaib

Jumamosi, 6 Septemba. Arlington
Wimbo umekamilika. Sauti mimi, kinanda mimi, gitaa Vital. Tumerekodia kabatini, katikati ya mabuibui ya mke wangu Intisar, maana yanameza mwangwi vizuri. Intisar kauliza atavaa nini kwenda msikitini. Nikamwambia sanaa haina haraka. Akasema msikiti unayo.

Bi Mwanabaraka wa Sharpstown, kule Houston, anaoza binti yake na anatafuta bendi. Nimeitamani harusi hii mwaka mzima. Shuaib, mwenye bendi nyingine, naye anaitaka. Shuaib ana kinanda kikubwa na kipaji cha mfukoni. Kabla sijampelekea Bi Mwanabaraka, nataka maoni ya kweli. Nimeutupia wimbo kwenye kundi letu la WhatsApp la Wapwani.

Jumapili, 7 Septemba
Mashallah tisa. Ya kwanza imefika baada ya dakika moja. Wimbo una dakika saba.

Ndio sisi watu wa pwani: mtu atakusifia biriani huku analitemea kwenye tishu. Aliyesema kitu ni Vital peke yake, na yeye ni Mkongo. "Papa Abdulsamad, gitare yangu iko wapi? Ndani ya wimbo weye uko hapa, miye niko nalia mbali, Houston." Nimemwambia simu yake mbovu.

Jumanne, 9 Septemba
Nimepata dawa. Mpwani hakukosoi usoni, ila nyuma ya mgongo ni profesa. Nimewatumia watu watano wa kundini wimbo uleule, mmoja mmoja, nikasema ni wa Shuaib, siri yetu.

Niliogopa wataijua sauti yangu. Hakuna aliyeijua. Maana yake Jumapili hakuna aliyesikiliza.

Majibu yalimiminika. Mwimbaji kameza maikrofoni. Gitaa limezikwa hai. Mmoja kauliza, huyu Shuaib anaimba au anaita teksi? Intisar kacheka mpaka kakaa chini. Hata hakuulizia mabuibui.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimerudia miksi: nimeshusha sauti yangu. Imeniuma kama kung'oa jino. Gitaa nimelipandisha. Nimesikiliza garini mpaka Richardson kwa Vital, nikafika nikakataa kushuka. Vital kafumba macho, kasema, "Sasa niko."

Nimewatumia tena walewale watano. Bado kwa jina la Shuaib, kwa kuwa jina hilo linawafanya wakweli. Safari hii wamesifu, na nimewaamini.

Jumamosi, 13 Septemba
Bi Mwanabaraka kapiga simu. Nikasafisha koo. Akasema mmoja wa wale watano kamrushia wimbo, kausikia, kalia, na harusi kampa Shuaib. Shuaib kakubali papo hapo, hakuuliza hata ni wimbo gani.

Nikamwambia ni wangu. Akanihurumia. "Ndugu yangu, wivu haujengi. Mwache mwenzio ale."

Jumapili, 14 Septemba
Shuaib mwenyewe kapiga. Sauti ya upole, sijapata kuisikia. Bi Mwanabaraka anautaka wimbo uleule, na yeye Shuaib haujui. Anaomba niende na Vital tupige pamoja, kwa jina la bendi yake. Nimekubali kabla hajamaliza. Harusi ni harusi.

Intisar kasema nimpigie Bi Mwanabaraka mbele ya Shuaib, ukweli usemwe, yaishe. Ushauri wa mtu asiyejua muziki. Mimi nina njia bora. Harusini tutaiwasha rekodi na kupiga juu yake, nami nimeirudia miksi: sauti yangu nimeipandisha juu kabisa, ili ukumbi mzima ujue nani anaimba.

Vital kasikiliza. Kauliza gitare yake iko wapi. Nimemwambia abadilishe simu.