Beseni la Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi
Jana mchungaji katangaza: Jumapili ijayo anachaguliwa mzee mmoja wa kanisa, kwa matendo, si kwa maneno. Balaa! Maneno ninayo tele. Jana tu niliomba dakika kumi na moja. Mke wangu anasema watu walikaa chini nikiwa katikati. Wivu.
Wananong'ona kuhusu fundi viatu wa pale kona. Yule! Hajawahi kuomba kwa sauti hata mara moja. Mimi fundi nguo, kiti cha mbele miaka yote, nishindwe na mpiga gundi?
Matendo yanahitajika. Haraka.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata tendo! Mwalimu mstaafu, yule mkali, kiharusi kimemlaza chumba cha nyuma ya duka langu. Mchungaji humtembelea kila Alhamisi saa nne. Atanikuta nimeinama namwosha miguu, mikono ya shati nimekunja, jasho linatiririka. Nimefanya mazoezi ya kuinama mbele ya kioo. Napendeza.
Mke wangu kaniambia nichukue taulo kuukuu. Nimechukua jipya. Litaonekana vizuri mlangoni.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefika saa tatu na nusu. Fundi viatu yuko ndani! Kumbe huja kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda, tangu Mwalimu aanguke. Miezi saba. Hakuna aliyejua, hata mimi niliye ukuta mmoja nao.
Mwalimu alikuwa anamtukana kwa nusu ya mdomo inayofanya kazi. Maji ya moto! Mjinga! Fundi akachovya kiwiko kwenye beseni kupima, akaongeza ya baridi, akasema, "Samahani, Mwalimu." Kisha akaninong'oneza, huku akicheka, kwamba huyu ndiye aliyemfukuza darasa la tano, akamwita kichwa cha jiwe mbele ya shule nzima. Nikamuuliza sasa kwa nini anakuja. Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini watu hula.
Akaniomba nishike mguu. Nikashika. Kisigino kina kidonda. Harufu! Nikageuza pua pembeni. Yeye alivuta pumzi kama mtu aliye karibu na mkate unaotoka jikoni. Akaosha kidole kimoja kimoja, kwa vidole vyake vyeusi vya gundi, taratibu, kama anashona kiatu cha mfalme.
Matusi yakakoma. Mwalimu akamtazama. Akaanza kutamka kitu, kikakwama. Akaanza tena. Mara ya tatu kikatoka: jina la fundi. Lile la daftari la shule, kamili, pamoja na la baba yake.
Fundi akalaza paji la uso kwenye lile goti bovu, akakaa hivyo.
Nywele zilinisimama. Miaka arobaini naingia kanisani, sijawahi kuingia mahali kama chumba kile. Nilipogeuka, mchungaji alikuwa mlangoni, amevua viatu. Hakuingia. Sijui hata kama aliniona. Sikukumbuka kuinama!

Ijumaa, 7 Machi
Nimeshona mkono wa gauni ndani nje. Mteja kafoka, sikumsikia vizuri. Nilimsimulia mke wangu yote. Akaacha kumenya vitunguu, akaketi. Baadaye akasema, "Basi rudi kesho, baba, lakini si kwa ajili ya mchungaji." Nikasema kwani mimi ni mtu wa namna hiyo? Akarudi kwenye vitunguu vyake.

Jumapili, 9 Machi
Katajwa fundi viatu. Akasimama, kofia mkononi, akaomba radhi: vikao vya wazee ni asubuhi, na asubuhi kuna mtu anamngoja. Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Nililia hadi leso ya mke wangu ikalowa. Ukuu ulioje! Na wala hajui kwamba anao.

Jumatatu, 10 Machi
Nafasi bado iko wazi!
Na sasa siri naijua: ni kutojulikana. Mtaa wa pili kuna mjane asiyeona. Kuanzia kesho nitamtekea maji kimya kimya, nisionwe na mtu.
Nimeshawajulisha kwaya, kinyozi na mashemasi wote wawili kwamba ni siri. Katibu ataisoma kwenye matangazo ya Jumapili, bila jina langu. Nimemwandikia tu: fundi nguo mmoja mnene, kiti cha mbele, upande wa dirisha.