Kesi ya Sura ya Mwisho

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Habari kubwa. Mwalimu anatuacha! Anahamia kwa binti yake, na Jumamosi atamtaja mtu wa kumrithi uenyekiti wa Baraza letu la Wasomaji. Uenyekiti si kitu. Kiti ndicho kitu. Kina mikono, kina mto, na sisi wengine tunakalia mabenchi ya Dobi, anayetuazima duka lake akishamaliza kazi. Mgongo wangu unakitamani kiti kile tangu kitabu cha kwanza.

Mwalimu amesema atakayeieleza vizuri zaidi riwaya tunayoisoma sasa ndiye atakayekikalia. Riwaya yenyewe ni ya zamani na sifa zake zimeenea kote: mji mdogo, dada na kaka wanaokua, na familia moja ng'ambo ya daraja ambayo mji mzima unaichukia bila kujua kwa nini. Ghala linaungua. Wanasingiziwa watu wa ng'ambo. Inatufundisha tusiwahukumu watu kwa walikotoka. Nakubaliana nayo kabisa.

Mpinzani wangu ni mmoja: Shemeji, kaka wa mke wangu, askari wa barabarani mstaafu. Huyu hasomi kitabu. Hukisimamisha kando ya njia na kukihoji. Wengine hawana hatari. Dobi husinzia. Mgeni, mchonga funguo wa pale kona, bado anasoma kwa kidole. Tunamwita Mgeni kwa sababu alihamia mtaani petu majuzi tu, kama miaka sita hivi. Mimi nami nilikuja hapa na sanduku moja, zamani sana, lakini hilo ni jambo tofauti. Mimi nilikuja mchana.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Kitabu ni kimoja, tunapokezana. Leo zamu yangu, kesho ya Mgeni, keshokutwa ya Shemeji. Angalia dhuluma hiyo! Mimi nitafika Jumamosi hadithi imeshapoa kichwani, Shemeji atafika nayo ya moto.

Nimekaa na kitabu jikoni. Gundi ya mgongo wake imechoka kama mgongo wangu. Nikavuta kidogo, kujaribu tu. Sura ya mwisho ikatoka nzima, safi, kama jino la mtoto.

Nimeliona jambo hili kuwa ni majaliwa. Shemeji atasimama mbele ya watu na hadithi isiyo na mkia. Mimi peke yangu nitakuwa na mkia. Baada ya hapo nitairudisha kimyakimya, gundi kidogo, basi. Si wizi. Ni kuazima sehemu ya kitu ambacho tayari umeazimwa.

Nimekunja kurasa na kuzitia mfuko wa ndani wa koti langu la sufu, ambalo silivai ila kwa misiba. Sijazisoma bado. Nitazisoma Ijumaa, zibaki mbichi.

Mke wangu kaniuliza mbona natabasamu peke yangu. Nimemwambia riwaya inachekesha. Akasema yeye aliisoma shuleni, ikamliza siku mbili, na kama mimi inanichekesha basi nikapimwe.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Shemeji kagonga mlango kama anakamata mtu. Sura ya mwisho haipo! Nilishtuka vizuri sana. Nilijishika kifua, nikakaa. Akasema ameshafanya uchunguzi. Nani alikuwa na kitabu kabla yake? Mgeni. Uchunguzi umekwisha.

Nilingoja akumbuke kwamba kabla ya Mgeni kulikuwa na mtu mwingine. Hakukumbuka. Kidogo iliniuma. Kisha nikaona ni heshima: mtu akijulikana, hahesabiwi.

Tukaenda kibandani kwa Mgeni. Alikuwa anakwangua ufunguo kwa tupa. Shemeji akamwuliza jana alikuwa wapi. Nyumbani, akasema, anasoma. Amefika wapi? Sura ya nne, dada anapovuka daraja mara ya kwanza. Na mwisho? Mwisho hajaugusa, kwa sababu hapendi kuwatangulia watu safarini. Shemeji akaninong'oneza, kwa sauti ambayo iliwageuza wapita njia, kwamba mtu asiye na hatia lazima angekuwa ameshachungulia mwisho. Nikasema hiyo ni hoja. Akasema tena, mchonga funguo hashindwi kufungua kitu. Nikasema kitabu hakina kufuli. Akasema ndiyo maana ilikuwa rahisi.

Mgeni akaweka tupa chini. Akatuuliza, wazee wangu, mnataka niape au mnataka tutafute wote? Tukaondoka kwa hasira.

Jumamosi Shemeji atatoa hoja afukuzwe barazani. Ameniomba mimi niseme mashtaka, kwa kuwa nina sauti. Msema mashtaka husimama karibu na Kiti. Nimekubali.

Ni kweli, mikono ya Mgeni siipendi. Miaka yote niliyokaa nyuma ya dirisha la tiketi niliwatambua watu kwa mikono. Yake ina mikwaruzo. Mwaminifu hakwaruziki. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimemkasirikia kiasi cha kusahau kabisa kwamba kurasa ninazo mimi.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Balaa! Koti halipo!

Mke wangu kalipeleka kwa Dobi alfajiri, ati nisiende kumuaga Mwalimu nikinuka matanga. Nilimwuliza kama alipekua mifuko. Akasema kupekua mifuko ni kazi ya madobi na ya wake wenye wivu, naye si dobi, na wivu kwangu aupate wapi.

Nilikimbia hadi dukani. Pamefungwa. Dobi kaenda kuchukua shuka za hotelini. Nilibandika uso kwenye kioo. Makoti yamejaa gizani, yote yamenipa mgongo.

Nikarudi nyumbani, nikajaribu njia nyingine. Nilimwuliza mke wangu, kwa ulaini, riwaya ile inaishaje. Akasema mwisho haukumbuki, anakumbuka kilio tu. Ndiyo faida ya kuoa msomi.

Halafu akasema mambo ya Mgeni si mazuri. Mtaa mzima unamwita mwizi. Jirani yetu wa juu kachukua kufuli lake ambalo lilikuwa halijamalizika kutengenezwa, na kibanda kimeshinda bila mteja. Akasema mtu yule hana ndugu hapa, akifukuzwa barazani atakwenda kuzungumza na nani, na funguo? Nilimwambia sheria ifuate mkondo wake. Akanitazama muda mrefu kuliko ninavyopenda.

Nimefikiria kusema kweli. Nimefikiria tangu chai hadi chakula cha mchana. Lakini hotuba nimeshaiandika, na ni nzuri sana.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Naandika haraka kabla sijaanza kuyatengeneza mambo kichwani.

Dobi ana desturi. Kabla nguo haijaguswa na mvuke, yeye hupekua mifuko, na alichokikuta hukitundika kwa kibanio kwenye kamba juu ya meza ya pasi, ili mwenyewe akija akione. Nilipoingia na hotuba mkononi, kwenye kamba kulikuwa na leso moja, picha ya harusi ya mtu, na sura ya mwisho. Yote! Ukurasa baada ya ukurasa, imekunjuliwa na kupigwa pasi.

Hakuna aliyetazama juu. Wote walikuwa wanamtazama Mgeni, aliyekaa peke yake kwenye benchi la watu wanne, kofia mapajani.

Mwalimu akanipa nafasi. Mpango ukanijia hapohapo: kila nikirusha mkono kumlaani mhalifu, nachomoa ukurasa. Ndugu zangu! Ukurasa. Tulimkaribisha! Ukurasa. Tukagawana naye benchi! Mbili kwa mpigo. Shemeji akapiga makofi, akasema makubwa haya, hajapata kuniona nimepandwa na mori namna hii. Kurasa za mbali sikuzifikia, nikapanda kigoda. Nikanguruma kwamba wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako! Kibanio kikaruka, kikamgonga Mwalimu kwenye paji la uso.

Mwalimu akatazama juu.

Mama yule amesahihisha madaftari maisha yake yote. Anasoma hata kilichopinduka. Akasoma mstari mmoja kwa sauti, bila haraka. Kisha akamwuliza Dobi karatasi hizi zimetoka wapi. Dobi akazinduka. Akasema, kwa wema wote, zimetoka kwenye koti la huyu baba aliye juu ya kigoda, yeye alidhani ni mambo ya bima, na mfuko ule umetoboka, je, aushone?

Nikasema kuna maelezo. Hakuna aliyeyataka. Shemeji akasema mimi alinishuku tangu siku ya harusi, dada yake hakumsikiliza. Nikamkumbusha kwamba juzi, aliponiomba niseme mashtaka, alinishika mkono. Akasema alikuwa ananipima mapigo.

Mwalimu akagonga meza. Akasema aliyekosewa ni Mgeni, basi aseme Mgeni: nibaki au niondoke. Mgeni aliigeuza kofia, akaigeuza tena. Akasema jana hakuletewa hata kufuli moja, na hataki kujifanya kwamba jambo hilo halikumwuma. Limemwuma. Miaka yote hii alidhani ameshazoeleka. Watu wakaangalia viatu vyao. Mimi nilikuwa juu ya kigoda, viatu vyangu viliangaliwa na wengi.

Kisha akasema kunifukuza ni rahisi, lakini nikiondoka nani atasoma? Dobi amesahau miwani, na Shemeji hupiga filimbi kwenye kila nukta. Mzee huyu asome, hapohapo alipo, kwa sauti, tangu ukurasa wa kwanza wa sura hadi wa mwisho. Watu wa ng'ambo wamengoja vya kutosha.

Nikasoma. Dada anasimama mbele ya mji na kusema alichokiona: taa iliachwa ghalani na mwenye ghala mwenyewe. Nilidhani sasa mji utalia, utawapigia magoti wale watu. Wapi! Hakuna anayeomba radhi. Tangu siku ile wanawasalimu tu, kwa sauti kubwa zaidi. Dada anavuka daraja. Kule ng'ambo mama mwenye nyumba amekaa kizingitini. Hamwambii kitu. Anasogea, ili mtoto apate pa kukaa.

Basi. Imeisha hivyo. Sauti ilinikatika hapo. Kuna kizingiti kimoja nilikikumbuka, na mtu aliyesogea, siku nilipofika hapa sijui hata maji yanauzwa wapi. Nilipiga chafya ili watu wasielewe vibaya.

Mwalimu akafuta miwani yake, akasema Kiti ni cha Mgeni. Mgeni akakikalia kwa tahadhari, nusu tako, kama mtu anayejaribu ufunguo mpya. Nilitazama mto ukididimia. Siwezi kueleza.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Leo nimetulia, na nimeielewa riwaya kuliko wote. Imeandikwa juu ya Shemeji! Wale watu wa mji wanaohukumu bila ushahidi, wanaopiga kelele na kisha kugeuka: yeye mtupu. Nimestaajabu jinsi mwandishi wa zamani namna ile, wa mbali namna ile, alivyomjua. Nyani haoni kundule. Asubuhi alimsalimu Mgeni kutoka upande wa pili wa barabara kwa sauti iliyokimbiza mbwa.

Mke wangu hasemi nami. Kahamishia mto wangu sebuleni na kuniachia koti juu yake. Mfuko umeshonwa. Umeshonwa wote, hata mdomo.

Mchana Mgeni alipita. Nilijificha jikoni, lakini mke wangu akanionyesha kwa kidole. Mgeni akaniamkia kama kawaida, shikamoo yake na mikono miwili. Akaniuliza hali ya mgongo. Akasema amekifikiria kile Kiti, na mgongo wangu ukiuma nikikalie mimi, yeye benchi linamtosha. Hakutaja kesi hata kidogo. Akanywa chai, akakitengeneza kitasa cha mlango wetu kilichokuwa kinalegea, bila kuombwa, akaenda zake.

Nimekaa nikawaza. Mtu nimemwita mwizi mbele ya watu. Siku ya pili ananipa kiti na kunitengenezea mlango. Kwa nini? Shemeji angenichukia mwaka mzima, na hapo mtu unajua umesimama wapi. Lakini anayesamehe upesi hivi lazima ana lake jambo. Na kwa nini kitasa? Kwa nini kitasa, katika vitu vyote?

Nimeisogeza meza karibu na dirisha. Kibanda chake kinaonekana vizuri kutoka hapa.