Feni ya Ukumbi wa Dansi

Jumapili, 2 Januari 1994
Ushindi! Baada ya miaka kumi na moja, mama mkwe Paraska amekubali kula mkesha wa Krismasi yetu ya kalenda ya zamani, tarehe sita, kwangu. Siku zote ni kwa Wasil, kaka wa mke wangu. Sharti moja: nyumba iwe na joto. Akitetemeka hata mara moja, tunarudi kwa Wasil milele.

Feni ya tanuri langu la makaa ya mawe, ile inayosukuma hewa ya moto vyumbani, imekufa jana. Na jana nani alikuja? Wasil. Eti kuleta kabichi.

Jumatatu, 3 Januari
Wasil kaniletea feni ndogo, bure. Anasema feni hupimwa kwa moto: tanuri langu ni dogo, hewa ikipulizwa mno inapita mbio kabla haijapata joto. Hivi, nani hutoa feni bure? Nimeificha chini ya ngazi.

Nimefunga feni ya ule ukumbi wa dansi uliovunjwa. Kubwa kama mbuzi! Olenka, mke wangu, akauliza kama tunapasha nyumba joto au tunairusha.

Jumanne, 4 Januari
Mapazia yanapepea. Nyumba ni baridi kuliko jana! Makaa yanawaka mekundu, lakini hewa inayotoka kwenye matundu ya sakafu ni ya friji. Kuna mkono wa mtu. Nimemwaga jivu kwenye ngazi za kushukia kwenye tanuri, nimnase.

Jumatano, 5 Januari
Nyayo! Za viatu vyangu. Mjanja huyo, kavaa viatu vyangu!

Olenka anasema ni mimi niliyeshuka mara tatu kutia makaa. Anamtetea kaka yake. Damu nzito kuliko maji.

Alhamisi, 6 Januari
Aibu. Nyota ya kwanza ilipoonekana, meza ilikuwa tayari: nyasi kavu chini ya kitambaa kama desturi yetu, supu ya bitiruti, mkate wenye mshumaa katikati. Mama mkwe akakaa na koti lake, akakataa kulivua. Nikashuka, nikawasha feni mpaka mwisho.

Nyasi zikachomoka, zikatua kwenye supu. Mshumaa ukazimika kabla ya sala. Sisi moshi wa mshumaa huo tunautazama: ukipanda juu ni uzima, ukienda mlangoni kuna mtu wa kuzikwa mwaka huu. Wangu haukwenda mlangoni. Ulikimbia!

Mama mkwe akajishika kifua. Akasema, "Zenko mwanangu, si ungengoja tu nife mwenyewe?"

Sufuria zote zikahamia kwa Wasil. Kwake kulikuwa na joto. Nilikula kwa hasira, sahani tatu.

Jumapili, 9 Januari
Jana nilipokuwa nje nikimwaga jivu, Olenka na Wasil waliing'oa feni yangu, wakafunga ile ndogo. Kufika mchana paka wetu alikuwa amelala chali kwa joto. Mama mkwe akaja kukagua, akavua koti, akavua na sweta. Kasema mwakani atakula kwetu, ila Zenko asiguse kitu.

Nimefikiri sana, nimeelewa. Wasil alisema kweli: feni na moto vilingane. Basi feni yangu haikuwa na kosa, tanuri ndilo dogo! Nimepata tanuri la shule iliyofungwa. Lilipasha joto madarasa ishirini. Linakuja Jumanne, Olenka akiwa kazini.

Wasil kaliona huko shuleni, anasema halitapita mlangoni. Kwa nini hataki lipite?