Leo Ni Familia Tu

Joto la Doha halina adabu ya kuaga. Hukaa likakaa, likawachosha watu tangu Mei, kisha siku moja unaamka unakuta limekwenda zake. Ijumaa hiyo ya mwanzo wa Oktoba 2014 lilikuwa limekwenda, na mji mzima uliokuwa umejifungia na viyoyozi ukamwagika nje kama siafu. Bustani moja kubwa ya pwani ilifungua Tamasha la Upepo: kuvuta kamba, kurusha tiara, mbio za magunia, na mishkaki ambayo moshi wake ulivuka ukuta kwenda kuwatesa waliokuwa nje. Miongoni mwa walioteswa alikuwepo Dominiko Wesonga, mzaliwa wa Butere, shati jeupe, pasi kali, manukato ya kuazima.

"Leo ni familia tu," alisema bawabu wa getini.

"Na mimi unanionaje, kaka?"

"Nakuona bachela."

Neno hilo huko Doha halina uhusiano na ndoa. Mwanamume anaweza kuwa na mke na watoto watano Bungoma, lakini akisimama peke yake mbele ya geti siku ya Ijumaa ni bachela tu, na bachela haingii. Dominiko hakubishana. Yeye mwenyewe alikuwa bawabu kule Lusail, kwenye ghorofa lisilokwisha, akilinda simenti dhidi ya wezi ambao hawajawahi kutokea, na alijua vizuri kwamba bawabu haombwi akaombeka. Huyu wa hapa aliitwa Cornelius, Mjaluo wa Siaya, mrefu, mpole, na mgumu kama kisiki.

Basi Dominiko akasogea kando, akaanza kutazama. Kutazama ndiko kulikokuwa shamba lake.

Aliona mambo mawili. La kwanza, kila familia iliyoingia ilipewa karatasi ya bahati nasibu iliyoandikwa jina la mkubwa wa familia. Bango lilisema kura itachezwa Ijumaa ya tatu, na zawadi ni tiketi tatu za ndege za kwenda nyumbani na kurudi, popote nyumbani kulipo. Hapo moyo wake uliruka kweli, bila ujanja wowote. Kwa miaka mitatu alikuwa hajamwona mama yake. Kila alipoiuliza kampuni habari ya likizo aliambiwa "bukra", yaani kesho, na kesho ya kampuni ile haikuwa na jua lake. Mama naye alikuwa ameanza kuzungumza kwa simu kama mtu anayezungumza na redio.

La pili, alimwona Msudani mmoja akiingia na mke wake, na nyuma ya mke wanaume saba. "Ndugu," alisema Msudani. Wakapita wote.

Dominiko akatabasamu taratibu. Kumbe kilichokosekana hakikuwa ruhusa. Kilichokosekana ni mwanamke mmoja wa kutangulia mbele.

Ijumaa huko ndiyo siku ya kanisa, na kanisa liko Abu Hamour. Ibada ilipotoka siku hiyo hiyo, Dominiko aliwavamia wanawake wawili kivulini. Mmoja alikuwa Kerubo, Mkisii aliyelea watoto wa watu kule The Pearl, mcheshi, mwepesi wa jicho. Wa pili alikuwa Virginia, mjane wa Nyeri, mpishi wa shule ya chekechea, mwanamke wa gauni pana na maneno machache. Aliwavisha kilemba cha ukoka mpaka wakakaribia kukiamini.

"Mama Virginia, hawa vijana wetu wanaumia. Juma zima ni vumbi, Ijumaa wanalala kama maiti. Nyinyi mkitangulia tu pale getini, mtakuwa mmefanya kazi ya Mungu."

"Na wewe unapata nini?" Kerubo aliuliza.

"Baraka, dada yangu."

Virginia alikung'uta gauni lake. "Sijawahi kumwona Mluhya akifanya kazi kwa malipo ya baraka tu," alisema. Lakini upepo ulikuwa mzuri, naye alikuwa hajakaa juu ya majani tangu aje Arabuni, akakubali.

Baraka zenyewe Dominiko alizikusanya mapema, taslimu, kutoka kwa makapera wa kambi. Aliuza undugu kwa daraja. Mtoto wa mama mdogo alilipa kidogo, shemeji alilipa zaidi, na mjomba, kwa sababu ya heshima yake na ruhusa ya kukaa kwenye kiti, alilipa zaidi ya wote. Kabla ya kuondoka aliwapa mafunzo nyuma ya choo cha kambi.

"Huyu Kerubo ni mke wangu. Nyinyi ni kaka zake. Mama Virginia ni mama yenu, kwa hiyo kwangu ni mkwe. Mkiulizwa, mnajibu hivyo hivyo, hata muamshwe usingizini."

Fundi umeme mmoja aitwaye Joram, Mganda wa Mbale, aliinua mkono. "Ssebo, bwana, mimi Mgisu. Dada ni Mkisii. Mama ni Mkikuyu. Hii familia ilizaana vipi?"

"Kwa upendo," Dominiko alijibu. "Swali lingine?"

Joram alishusha mkono.

Getini Cornelius aliwakagua mmoja mmoja. Nyuma yake, juu ya kiti cha plastiki, alikaa msimamizi wake, mzee wa Kimisri mwenye masharubu na miguu inayouma. "Hawa wote ni nani?" mzee aliuliza.

Cornelius alimtazama Mama Virginia, akamtazama Joram, akatafuta pua moja inayofanana na nyingine asiione. Lakini Cornelius naye alikuwa mtoto wa watu. Alikwishaomba ruhusa ya msiba mara kadhaa kwa ajili ya baba ambao, kwa hesabu za Siaya, walikuwa baba kabisa, na kwa hesabu za ofisi walikuwa wamezidi.

"Ndugu, sir," alisema. "Kwetu hii ni familia ndogo."

Wakapita. Kerubo alipopita alimwekea Cornelius chapati moja mkononi, imefungwa kwenye karatasi, na Cornelius akasahau kumkagua aliyefuata.

Basi kukawa na raha. Wanaume ambao juma zima walikuwa hawasemi ila "yalla", yaani twende, na "mafi mushkil", yaani hakuna shida, walikimbia ndani ya magunia wakianguka na kucheka. Joram alirusha tiara, ikamnyanyua nusu. Nao wanawake, kila kundi likishatulia, walitokea mlango wa nyuma na kuzunguka tena mbele kuleta ndugu wengine, maana mama huyo alikuwa na uzazi usio na mwisho. Kila alipoingia alipewa karatasi ya bahati nasibu yenye jina lake, na kila alipoipata Dominiko alinyoosha mkono kwa unyenyekevu.

"Nipe nikutunzie, mama. Upepo huu utaipeperusha."

Mipango yake ilikuwa safi. Karatasi zote zilikuwa na jina la Virginia, zote zilikuwa mfukoni mwake. Jina hilo likitajwa, angepanda jukwaani yeye kama mkwe mwema, achukue tiketi, auze mbili, na ya tatu impeleke Butere. Wanawake angewanunulia soda kubwa.

Mipango hiyo iliharibiwa na adabu. Ijumaa ya pili Joram alikuwa anatafuna mishkaki karibu na Kerubo, na mtu akishiba huona haja ya kushukuru.

"Dada, asante sana. Bei imepanda wiki hii lakini, banange, jamani, tunaiona thamani yake."

"Bei gani?" Kerubo aliuliza.

Joram alimeza. Kisha, kwa kuwa alikuwa amefundishwa kwamba huyo ni dada yake, na mtu hamdanganyi dada yake, alieleza kila kitu. Mama Virginia alisikiliza huku akiendelea kutafuna. Alipomaliza alifuta vidole.

"Kwa hiyo mimi huyu nimekodishwa," alisema. "Na mume wangu marehemu hakuwahi hata kuniazima kwa jirani."

"Tumfanyeje, mama?" Kerubo aliuliza.

"Hatumfanyi kitu. Amesema mimi ni mkwe wake. Nitakuwa mkwe wake."

Ijumaa ya tatu, siku ya kura, Dominiko alifika getini anang'aa. Karatasi zilikuwa kwenye bahasha moja, baraka kwenye nyingine, zote kifuani. Nyuma yake ndugu wa mke walikuwa wamepanga foleni, na nyuma ya hao familia nyingine zikisukumana. Mama Virginia alitangulia, akafika mbele ya Cornelius, akatua beseni la chapati chini na kusimama.

"Mwanangu," alimwambia Cornelius kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto wa chekechea, "hawa wanangu waingie. Huyu mkwe asiingie. Hajatoa mahari."

Dominiko alicheka. Alicheka peke yake.

"Mama, hayo tutayaongea ndani."

"Ndani ni nyumbani kwangu leo. Mkwe ambaye hajatoa mahari anaingia nyumbani kwangu kufanya nini?"

Sasa tazama jinsi mtego wa mtu mwenyewe unavyombana. Akisema huyu si mkwe wangu, basi Kerubo si mke, Joram si shemeji, na foleni nzima ni makapera watupu mbele ya msimamizi. Na akikubali kwamba ni mkwe, ni Mkenya gani anayemjibu mkwe wake hadharani? Cornelius alikuwa tayari amevua kofia na kuitazama ardhi, kama inavyompasa kijana mbele ya mazungumzo ya wazee.

"Kuna nini?" mzee wa Kimisri aliita kutoka kwenye kiti.

"Mahari, sir. Jamaa amemchukua binti, hajalipa."

Neno hilo mzee hakuhitaji kutafsiriwa. Alisimama, miguu na maumivu yake, akaja mpaka mbele. Alikuwa ameozesha mabinti wanne na kila mmoja alimpa shida yake. "Hajalipa mahari?" alimuuliza Dominiko. "Na unamwachia bibi huyu abebe beseni?"

"Kidogo kidogo, mudir, bosi wangu, nilikuwa kwenye mipango."

"Dada yetu si wa bure," alisema Joram kutoka kwenye foleni, na mikono akaikunja. Ndugu wote wakakunja mikono. Dominiko alikuwa amewafundisha vizuri. Wasingeweza kuwa mashemeji zaidi ya walivyokuwa.

Alitoa bahasha ya baraka. Virginia aliipima kwa mkono, bila kuifungua.

"Hii ni ya kufungulia mlango. Ng'ombe wako wapi?"

"Mama, Doha hii ng'ombe nitamtoa wapi?"

"Nimeona umebeba nyingine hapo kifuani. Tutahesabu hiyo ni ng'ombe."

Mkono wa Dominiko ulienda kifuani ukakaa hapo. Ndani ya bahasha ile kulikuwa na Butere, na jiko la mama yake, na mama mwenyewe akitoka nje kufunika macho kwa kiganja. Aliumia, tusimwonee. Lakini foleni ilikuwa inanung'unika, watoto wanalia, na mzee wa Kimisri anamtazama kama anavyotazamwa mtu anayeiba msikitini. Akaitoa.

"Asante, baba," alisema Virginia kwa upole mkubwa. "Sasa wewe ni mkwe kamili. Na unajua mila. Siku ya mahari mkwe hali chakula pamoja na mama mkwe. Utatungoja hapa nje."

Wakaingia. Geti likarudi. Dominiko akabaki na shati lake, bachela.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama kipaza sauti kilipoanza kutaja majina. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa njia, Cornelius amesimama karibu yake. Likatajwa jina la mshindi wa tiketi, likakosewa matamshi, likarudiwa: Virginia. Ndani mlilipuka vigelegele vya Nyeri na Kisii kwa pamoja, na sauti ya Joram juu ya vyote.

"Hongera," alisema Cornelius. "Mkweo ameshinda."

Mara Kerubo akaja mbio. "Wanataka mwanamume wa familia apande jukwaani. Tiketi ya tatu ni yake."

Dominiko alishasimama, anajipangusa suruali. "Mimi ndiye mume. Mahari imeingia. Mudir ni shahidi."

"Ulilipa kwa pesa za kaka zangu," alisema Kerubo. "Mama ameshawarudishia. Kwa hiyo mahari imerudi, na ndoa imekwisha. Si ndivyo mila inavyosema?"

Mzee wa Kimisri alifikiri kidogo. "Khalas," alisema. "Imekwisha."

"Mama amesema tiketi ni ya aliyetufungulia geti." Kerubo alimgeukia Cornelius, ambaye alikuwa hajaiona Siaya kwa miaka minne na hakuwahi kuomba kitu zaidi ya chapati. "Huyu ni kaka yetu. Mtoto wa mama mdogo."

"Na huyu pia?" mzee aliuliza kwa uchovu.

"Kwetu familia ni kubwa, mudir."

"Wallahi naona. Lakini geti atashika nani?"

Wote waligeuka. Walimtazama tu Dominiko, bawabu wa kusomea, mwenye cheti. Cornelius alivua kofia yake, akaipangusa vumbi kwa heshima, akamvika. Ilimfika kwenye nyusi. Kisha akapita na Kerubo, akiitikia kila dada huyo alilomwambia, na mzee akarudi kwenye kiti chake.

Moshi wa mishkaki ulizidi. Akatokea kijana mmoja, shati limepigwa pasi, manukato mengi, akasimama mbele ya geti huku akitabasamu tabasamu ambalo Dominiko alilijua.

"Kaka, naomba nipite kidogo tu."

"Leo ni familia tu," alisema Dominiko.

Kijana alichungulia ndani, akasikia vicheko. "Hata wewe si uko peke yako hapa? Familia yako iko wapi?"

Dominiko aliinua kofia kidogo ili aone. Jukwaani mama mkwe wake alikuwa anapigwa picha, amezungukwa na wanawe wote.

"Ile pale," alisema. "Imeniweka hapa niwashikie mlango."