Ukuta Wangu wa Bluu Uliopakwa Chokaa

Kwa Ndugu Mkurugenzi,
Idara ya Majengo ya Kale.

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, nilipoteza ukuta. Haukuanguka. Vijana wako waliupaka chokaa nyeupe nikiwa sokoni kununua mafuta ya nywele, kisha juu ya mlango wa saluni yangu wakapigilia kibao cha shaba: HAPA ALIISHI MKUU WA GEREZA WAKATI WA UKOLONI. Kuuliza, naambiwa mtaa mzima unarudishwa ulivyokuwa zamani. Sikuvunjii heshima, lakini nina malalamiko matatu.

1. Ukuta ule ulikuwa wa bluu, nami mji mzima unaniita Mama Bluu. Nilianza na kiti kimoja na kitana kilichong'oka meno. Leo nina viti sita. Sasa wateja wananipita. Shangazi wa bibi harusi mmoja kazunguka mtaa mara tatu akinitafuta, mwisho akampeleka mtoto wa watu kwa msusi wa pale kona. Binti katoka na kichwa kama mkeka uliotafunwa na panya, na lawama nimepewa mimi.

2. Kusukwa kunauma, hasa kisogoni. Mteja akipiga yowe, mpita njia huinua macho, husoma kibao, hukaza mwendo. Juzi mmoja alirudi na polisi. Fundi viatu wa mlango wa pili siku hizi ananiamkia, "Shikamoo, Afande! Wafungwa wameshakula?"

3. Kama ni kurudi zamani, turudi wote. Zamani hizo watu kama sisi hawakuingia nyumba za mtaa huu ila kwa mlango wa uani, tena na kazi mkononi. Ofisi yako ipo mtaa huuhuu, ndugu yangu. Kesho pitia uani, na sinia ushike. Njia nitakuonyesha mimi, maana bibi yangu aliipita miaka kumi na moja akimfulia mashuka huyohuyo Mkuu wa Gereza. Buluu ya kufulia, ile ya kung'arishia mashuka meupe, iliyobaki kwenye ndoo aliichanganya na chokaa, akapaka ukuta wa kule uani alikokuwa akila chakula chake. Bluu yangu imetoka kwake. Hiyo nyeupe yenu imetoka kwa nani?

Hivyo basi, naomba kibao king'olewe na bluu irudi.

Wasalimie wote hapo ofisini, hata yule aliyeshika brashi. Mkeo mwambie nafasi yake ya Jumamosi ipo palepale, akiuona mlango.

Ni mimi mlipa kodi wako,
Mama Bluu (kwa sasa Mama Chokaa).

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, wameingia wageni tisa kusoma kibao. Wanne wamekaa kusukwa; mmoja anapiga yowe hivi ninavyoandika, na wenzake wanampiga picha. Kibao kibaki. Chokaa nayo ibaki, picha zinatoka vizuri. Ila chini ya Mkuu wa Gereza mumwandike na bibi yangu aliyemfulia, kwa herufi za ukubwa uleule, zisipungue hata unywele. Ndiyo au hapana? Nijibu Ijumaa, kabla ya saa sita mchana. Saa sita na dakika moja nafungua kopo la bluu, na naanzia kwenye kibao.